Nilichomwa sindano nikacheza, na haikuwa kwa ajili ya timu

Wakuu poleni na majukumu. Huu uzi nimeusoma toka jana kimya kimya, nilisema sichangii maana haya mambo yananirudisha kubaya, ila nimeona majibu ya "kaza dogo, mpira ni vita" yamekuwa mengi mno nikaona hapana, wacha na mimi niseme yangu.

Kwa ambao mmeingia sasa hivi: dogo ni beki wa kushoto, timu yao inapambana isishuke daraja, zimebaki mechi mbili. Wiki iliyopita goti lilimgeuka mazoezini likavimba. Sasa kocha na viongozi wanamwambia achome sindano ya kuzima maumivu amalize ligi halafu ndio atibiwe, na yeye anauliza akikataa si ataonekana msaliti?

Mdogo wangu, mimi nilikuwa kiungo mkabaji, misimu minne daraja la kwanza, enzi hizo kabla hawajaanza kuiita Championship. Timu siitaji, waliokuwepo wanajijua. Nikisoma ulichoandika ni kama najisoma mwenyewe, mpaka siku za wiki zinafanana.

Mimi ilikuwa Alhamisi jioni, uwanja wetu wa mazoezi una mashimo, mguu wa kulia ukanasa chini mwili ukaenda na mpira. Nilisikia "ko!" kama mtu amevunja muwa. Nikakaa chini, nikainuka, nikatembea, nikajua imepita. Kufika saa mbili usiku goti limekuwa kama nazi. "Dokta" wa timu (tulimwita dokta, alikuwa mchua misuli, mtu mzuri tu wala simlaumu) alikuwa na begi la mgongoni lenye bandeji, dawa ya kuchua na vidonge vya diklofenaki, basi. Barafu hakuna. Akamtuma mtoto akanunue barafu za ukwaju, zile za kwenye vifuko vya nailoni, akazipanga kumi hivi kuzunguka goti akafunga na kanga ya mama mpishi wa kambi. Zikaanza kuyeyuka, vifuko vingine vikapasuka, ukwaju ukawa unatiririka mpaka kwenye soksi. Wenzangu wanacheka na mimi nacheka. Usiku huohuo siendi chooni bila kushika ukuta.

Ijumaa nikapelekwa kupiga eksirei. Picha safi, mfupa mzima. Meneja akaiinua kwenye mwanga wa dirisha kama anakagua noti feki, akasema "si unaona, huna kitu wewe, ni uoga tu wa mechi". Kesi ikaishia hapo. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukujua, kwamba eksirei kazi yake kubwa ni mifupa. Ligamenti ikikatika, au ule mto wa ndani ya goti ukichanika, eksirei haikuonyeshi, inaweza kutoka safi kabisa na goti limekufa. Hiyo ni kazi ya MRI, ile mashine inayopiga picha za nyama na ligamenti za ndani, na kabla hata ya MRI daktari wa mifupa anayejua kazi yake anaweza kulishika goti, akalivuta hivi na hivi, akakwambia hapa pamelegea. Goti likilia halafu likavimba ndani ya masaa machache, hiyo sio ya kuchua.

Usiku wa Ijumaa wakaja wa "kamati ya ufundi", wanaojua mpira wa huku wananielewa kamati gani nasema. Wakasema nimechezewa na wapinzani. Nikachanjwa chale tatu juu ya goti, wembe ulikuwa mpya angalau, nikapakwa vitu vyeusi. Sitaki kubishana na imani ya mtu humu, ila nakwambia mwenyekiti alivyotoka pale alikuwa ameshaniweka kwenye kikosi kichwani mwake.

Sasa hapa ndio nataka dogo usome taratibu. Kambini nilikuwa nalala chumba kimoja na jamaa ambaye namba yangu ndiyo namba yake. Mimi nikicheza yeye benchi. Msimu mzima alikuwa benchi na hajawahi kuninunia hata siku moja. Usiku ule akaniuliza gizani, "Kaka, goti linakuruhusu kweli?" Nikamwambia niko fiti, asilimia mia. Na ananisikia navyoshika ukuta kwenda chooni! Akanyamaza.

Miaka mingi nilikuwa nasimulia kwamba nilijitoa kwa ajili ya timu. Watu wananipa pole, wananiita mwanajeshi. Ukweli nimeukubali baadaye sana: haikuwa timu, ilikuwa namba. Niliogopa nikimwachia mechi moja akicheza vizuri sirudi tena. Mkataba unaisha, kulikuwa na maneno kwamba kuna timu ya ligi kuu inakuja kuniangalia, mimi nakaaje jukwaani na bandeji? Kama ningekuwa naipenda timu kweli ningesema "mpange yule, mimi mguu mmoja", maana alikuwa mzima na anajua mpira. Mapenzi ya timu yalikuwa ndiyo kauli nzuri ya kusema mbele za watu.

Jumapili nikachomwa sindano nikaingia. Na mjue ile kitu inadanganya vizuri, nusu saa ya kwanza nilijiona mfalme, nikajiuliza hivi nilikuwa nalia nini. Dakika ya thelathini na kitu mpira ukapigwa nyuma yangu, nikageuka, kiwiliwili kikageuka na goti likabaki. Yule niliyekuwa namkaba akapita peke yake akafunga wakati mimi niko chini. Machela hakuna, nikabebwa na watu wanne mikono na miguu kama mbuzi. Jamaa yangu wa chumbani akaingia hajapasha hata misuli. Tukafungwa moja bila, na goli lile ni la kwangu, sina wa kumtupia.

Mechi mbili za mwisho akacheza yeye. Wakatoka sare moja wakashinda moja, timu ikabaki daraja. Bila mimi. Nilisikiliza matokeo kwenye simu nimelala nyumbani, na nisiwadanganye, sikufurahi kama nilivyotakiwa kufurahi.

Mnaosema "hata mastaa wanacheza wameumia", kweli wanacheza, lakini angalieni inavyoishaga. Diego Costa wa Atletico Madrid, fainali ya Ligi ya Mabingwa 2014 na Real Madrid kule Lisbon, nyama za paja hazijapona, alipelekwa mpaka Belgrade akatibiwa kwa kondo la farasi (sio utani, ilikuwa stori ya dunia nzima). Akaanza, dakika ya tisa akatoka. Enzi hizo sabu (kubadilisha wachezaji) ni tatu tu, Atletico wamechoma moja kabla watu hawajakaa vizuri kwenye viti. Ramos wa Real akasawazisha dakika ya 93, wakaenda muda wa nyongeza, Juanfran anachechemea na sabu zimeisha, wakapigwa 4-1. Hapo Costa aliisaidia timu au aliigharimu? Na Ronaldo yule wa Brazil, Aprili 2000 fainali ya kombe la Italia dhidi ya Lazio, anarudi baada ya miezi mitano ya goti, dakika chache tu goti likaachia tena bila kuguswa na mtu, uwanja mzima unamsikia analia. Yeye alikuja kurudi 2002 akafunga magoli nane Kombe la Dunia, sawa. Ila klabu yake Inter na madaktari wa Ulaya walikuwa nyuma yake. Wewe nyuma yako yupo nani zaidi ya bi mkubwa?

Salah naye, AFCON ya Ivory Coast Januari 2024, aliumia nyama za paja mechi na Ghana akarudi Liverpool kutibiwa. Wamisri wakamchana, kapteni gani anaacha jeshi vitani. Misri ikaja kutolewa na DR Congo kwa penati na lawama zikamfuata huko huko aliko. Kwa hiyo dogo jiandae, ukikataa utasemwa. Siwezi kukudanganya kwamba watakuelewa. Kulikuwa na winga wetu mmoja aligoma kucheza na nyama za paja zinamvuta, wakampa jina "bibi harusi", mashabiki wanamwimbia kabisa mpaka stendi ya basi. Alikaa nje wiki tano. Msimu uliofuata akasajiliwa kwingine akacheza miaka sita mbele. Ila na yeye, tuseme ukweli, alikuwa na kaka yake anamtumia hela ya kula, wengi wetu posho ya mechi ndiyo kodi ya chumba, ukikosa mechi umekosa unga. Kwa hiyo mtu aliyechoma sindano akacheza siwezi kumwita mjinga, najua njaa inavyoongea.

Hata kocha simlaani. Kibarua chake kilikuwa kinaota nyasi, na yeye ana watoto. Ndio maana sasa usimpe yeye kazi ya kuamua kuhusu goti lako, yeye anaangalia Jumapili na wewe inabidi uangalie ukiwa na miaka arobaini.

Na sio kwamba ukiguswa ulale. Nimecheza kucha ya dole gumba imeng'oka, nimecheza na nyuzi nne juu ya jicho, na zile sijutii hata moja. Yale ni maumivu tu, yanauma halafu yanaisha. Tofauti ni goti kugeuka, goti kukuachia ukikanyaga, uvimbe usioshuka. Hapo sindano inazima king'ora tu, moto unaendelea ndani.

Baada ya pale nini kilitokea? Mkataba uliisha miezi miwili mbele na hakuna aliyenipigia. Meneja aliyekuwa ananiita "mtoto wetu" simu ikawa haipatikani. MRI nilikuja kupiga baada ya miezi saba, hela za mchango wa ukoo, baba mkubwa aliuza ndama. Ligamenti ya mbele ya goti imekatika na mto wa ndani umechanika. Daktari akaniuliza nilisikia mlio mara ngapi, nikamwambia mara mbili, akaweka kalamu chini akaniangalia bila kusema neno. Hela ya upasuaji haikupatikana, nikafanya mazoezi ya viungo, nikajaribu kurudi kwenye ndondo (mechi za mtaani), mechi ya pili goti likachomoka, nikavua njumu palepale. Waliokuja kuniona nyumbani ni wenzangu wa kambini, walichangishana, na jamaa wa chumbani alikuja na mfuko wa machungwa akakaa mpaka jioni. Hao ndio timu, dogo. Na hao hakuna hata mmoja aliyeniambia nichome sindano.

Sasa ufanye nini. Kwanza acha kwenda mazoezini "kujipima", usijipime na goti lililovimba. Tafuta daktari wa mifupa, sio mchua misuli, umwambie limelia na limevimba baada ya muda gani, akikuandikia MRI pigana mpaka ipatikane. Mwandikie meneja kwa meseji au WhatsApp, adabu zote, shikamoo na kila kitu, "kiongozi nimeumia goti mazoezini tarehe fulani, naomba nipelekwe kwa daktari wa mifupa kabla sijacheza". Iwe maandishi. Mimi kila kitu kilikuwa mdomo, na mdomo haukai kwenye faili. Chukua mkataba wako usome kipengele cha matibabu, kama hauna nakala idai leo wakati bado wanakuhitaji, maana wiki mbili zijazo hawatakuwa na haraka na wewe. Halafu uliza kama klabu inakuchangia WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, umeanza kazi toka 2015 na mchango wake anatoa mwajiri, haukatwi mshahara wako. Wakikucheka cheka nao, ila uliza.

Na nenda kwa anayekaa benchi kwenye namba yako. Mwambie mwenyewe, leo, ili aanze kujiandaa, sio aingie baridi kama wa kwangu alivyoingia. Kaa naye umwonyeshe winga wa wale jamaa anapenda kukata ndani au kwenda nje, beki wa kushoto mwenzako hiyo itamsaidia kuliko wewe kusimama pale na mguu mmoja.

Mimi sasa hivi naendesha bajaji, na kwa bahati mbaya breki yake ni mguu wa kulia. Foleni ikiwa ndefu jioni goti linajaa mpaka napaki pembeni nalinyoosha. Jamaa yangu wa chumbani tunakaa mtaa mmoja, mara nyingine namkuta stendi nampandisha, tukifika kwenye mteremko ananiuliza "kaka, goti linakuruhusu kweli?" Sasa hivi namjibu ukweli.

Ukipata majibu ya MRI yalete hapa dogo, humu kuna madaktari watakusomea bure.