Minara ya Chartres kutofanana
Kama unadhani minara hii haifanani kwa sababu hela za ujenzi ziliisha, hapana. Vilele vya minara miwili ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, vimepishana zaidi ya miaka 300. Cha kusini, kisicho na madoido, ni cha karne ya 12 na kilinusurika moto wa mwaka 1194 ulioteketeza sehemu kubwa ya kanisa. Cha kaskazini kilikuwa cha mbao. Radi ikakiunguza mwaka 1506, ndipo fundi mjenzi Jehan de Beauce akajenga cha mawe, kirefu zaidi, kimetobolewa nakshi kama lesi. (Mimi napenda zaidi cha kusini, nakshi zimezidi mno kwenye hiki cha kaskazini.) Hata madirisha matatu marefu katikati ya minara hiyo yana vioo vya kabla ya ule moto, ingawa vimekarabatiwa.