Simu ya bei kubwa, mtandao hakuna: je, niiflashi?

SWALI: Simu yangu niliiagiza kutoka nje. Mjini haina shida, ila nikifika kijijini inasoma "hakuna huduma", wakati simu za bei nafuu ambazo karibu kila mtu kule anazo zinashika, na laini ni za kampuni ileile. Fundi anasema zile zina antena kali, na yangu ataiflashi, yaani ataipakia programu upya, ili ifunguke. Nimpe?

JIBU: Usimpe. Na hilo la antena kali liondoe kichwani, maana ndilo linalowapotezea watu fedha kila siku.

Wenyeji wa kule simu wamechaguliwa na mnara. Penye watu wachache, kampuni hupendelea masafa ya redio ya chini, kama 700, 800 au 900 MHz, kwa kuwa mawimbi yake hufika mbali na hupenya kuta kuliko 1800 au 2600. Simu isiyo na bendi hiyo, yaani isiyoundwa kupokea masafa hayo, hata uiweke chini ya mnara, haiuoni. Watu wanaambiana, na aina moja inatawala eneo zima. Hata Marekani mtandao uliwachagulia watu simu: iPhone iliuzwa kwa ajili ya mtandao wa kampuni ya AT&T peke yake kuanzia 2007 hadi Februari 2011; aliyekaa mahali ambapo kampuni nyingine, Verizon, ndiyo iliyoshika, ilimbidi achukue simu nyingine, kama Motorola Droid ya 2009.

Yako, tazama namba kamili ya modeli kwenye mipangilio, maana jina moja la biashara hubeba matoleo tofauti kwa masoko tofauti. Simu nyingi za soko la China, kwa mfano, zilitoka bila bendi 20 ya 800 MHz, ambayo Ulaya inabeba 4G ya vijijini.

Sasa huyo fundi. Bendi inataka vichujio na vikuza mawimbi vilivyochomelewa kwenye bodi. Programu haiwezi kuleta kipande ambacho hakipo! Ninazoletewa baada ya kuflashiwa ovyo, nikibonyeza *#06# naona sifuri tupu: IMEI, namba ya utambulisho wa simu, imefutika, na hata mtandao wa mjini umekwenda. Stika za antena ni karatasi ya foili. Programu za "kuongeza mtandao" huzima redio na kuiwasha, kazi ambayo hali ya ndege huifanya bure. Na muuzaji akikwambia simu "inashika mitandao yote", mwombe orodha ya bendi kabla hujatoa hela.