Muulize Fundi: Kabla Hujaisukuma Kompyuta, Ifungue Uangalie Ndani

Niaje fundi. Mimi niko Kondele hapa Kisumu. Niko na Dell OptiPlex 7010 ile ya kusimama, i5-3470, ramu 4GB kijiti kimoja, hadidisiki 500GB. Nimeweka kando 18,000 niifanye ya gemu, lakini beshte yangu ananiambia nisitumie hata ndururu, ati niiovakloki tu (niisukume ipite mwendo wa kiwandani) kwa bayosi, ile menu ya mipangilio kabla Windows iwake, itakimbia bure. Nimekaa kwa bayosi masaa mawili sioni kitu. Ni mimi sijui ama ananicheza? Nataka tu GTA V na gemu za mpira zisikwamekwame. – Wa Kondele

Omera, macho yako ni mazima. Beshte yako amesoma mahali kuhusu mashine ya mtu mwingine akafikiri zote ni mama mmoja. Prosesa za Intel za wakati huo zenye kukubali kuovaklokiwa vizuri zina herufi K mwishoni, kama i5-3570K, na zinataka madabodi ya Z, kwa kizazi chako ni Z77. Yako ni 3470 kavu, na bodi yake ilitengenezwa ya ofisi, karani afungue barua zake apige hesabu zake saa kumi na moja aende nyumbani, kwa hivyo hiyo sehemu unatafuta haiko hata ukikesha. Itakaa 3.2GHz, ikichangamka ipande yenyewe hadi 3.6, imeishia hapo.

Sasa sikia kitu ya kukufurahisha. GTA V ilipotoka kwa PC mwaka wa 2015, ile orodha ya mashine inayopendekezwa, na sisemi ile ya chini kabisa, iliandika i5-3470, yenyewe hiyo yako, na ramu 8GB na kadi ya picha ya GTX 660. Kwa hivyo prosesa sio shida yako. Shida yako ni kijiti kimoja cha ramu na hiyo hadidisiki ya kuzunguka, na kukosa kadi.

Anza na ramu, DDR3 ya desktopu, usiuziwe ya laptopu (ile fupi, haitaingia). Tafuta vijiti viwili vinavyofanana uviweke kwa nafasi za rangi moja, kwa sababu vikiwa viwili bodi inasoma njia mbili kwa wakati mmoja na utaiona tofauti kwa gemu bila kuovaklok chochote. Alafu SSD (diski ya kasi isiyozunguka) hata ya 240GB, weka Windows na gemu moja mbili unazocheza sana, hiyo hadidisiki iachie sinema.

Kadi ndiyo itakula pesa yako nyingi na hapo ndipo watu wanachomeka. Fungua ubavu wa mashine, soma kile kibandiko kwa pawa saplai. Hiyo 7010 ya kusimama huja na wati 275 na haina ile waya ya pini 6 ya kulisha kadi. Basi tafuta kadi inayokula kutoka kwa sloti peke yake, na sloti hutoa wati 75 mwisho. GTX 1050 Ti ama GTX 1650 zote ni za 75, ni za GB 4, na hiyo GTA zinaimudu vizuri tu. Lakini angalia kwa macho yako, kuna 1650 zingine zimewekwa shimo la pini 6 juu, hizo ruka.

Usifanye kama mimi. Kitambo nilichukua kadi kubwa ya mtumba kwa bei ya huruma, aliyeniuzia akasema weka adapta tu, ile inatoka kwa waya ya hadidisiki inaingia kwa kadi. Nikaweka. Ikawaka, nikacheza jioni mbili nikijiita mjanja. Ya tatu nikasikia harufu ya plastiki nikadhani ni jirani anachoma takataka, kumbe ni adapta, imekuwa laini kama chapati moto na rangi yake nyeupe imegeuka ya chai. Pawa saplai ilikufa na ikaenda na hadidisiki, picha za arusi ya dada yangu zikiwa ndani, na mpaka leo dada akikuja kwangu lazima azitaje.

Bado unataka kuovaklok? Sawa, utaovaklok hiyo kadi. Weka MSI Afterburner, ni ya bure na inakubali kadi za kampuni zingine pia, ongeza mwendo wa koo (core, sehemu ya chipu inayopiga kazi) MHz 25, cheza nusu saa, ikitulia ongeza tena 25, ukiona rangi za ajabu kwa skrini ama gemu ikijifunga, rudi nyuma hatua mbili uache hapo. Utapata fremu (picha kwa sekunde) mbili tatu zaidi kwa kila hamsini, si zaidi, kwa sababu ukuta wa wati 75 uko palepale. Na Kisumu saa nane mchana na mabati yakilia juu, mimi ningefanya kinyume, ningeipunguzia volti kidogo ikae baridi. Kadi baridi haijipunguzi mwendo.

Fundi, ni kweli dawa ya meno inaweza kukaa mahali pa ile pesti ya prosesa? – Wa Siaya

Inaweza, siku chache. Ikikauka inapasuka kama matope ya kiangazi na joto linarudi mbaya kuliko mwanzo. Kichubu kidogo cha pesti ya ukweli kinatosha kupaka mara kadhaa, weka tone kama punje ya ndengu katikati ya prosesa, hiti-sinki (kile chuma cha mapezi cha kupoza prosesa) ikikazwa italisambaza.

Fundi salamu. Kijana wangu yuko fomu three, ananiomba 16,000 anunue ati kadi ya kompyuta na kompyuta yenyewe inawaka vizuri. Tena tangu aipate naona tokeni zinaisha haraka. Ananidanganya? – Mama Kijana, Kakamega

Mulembe mama. Kwa kadi hajakudanganya, hiyo kitu iko na ndiyo inachora picha za gemu, bila hiyo atacheza lakini kwa kukwama. Lakini kompyuta inaweza kuwaka na kufanya kazi za shule bila hiyo, kwa hivyo hapo ni hitaji la gemu na wewe ndiwe mwenye pesa, jua hivyo unapoongea naye.

Tokeni tupige hesabu pamoja. Tuseme mashine na skrini zinavuta wati 200 akicheza. Masaa 5 ya wati 200 ni yuniti 1. Kwa hivyo akicheza masaa matano kila siku mwezi mzima ni kama yuniti 30 zimeenda, na bei ya yuniti unaijua kuliko mimi. Kama tokeni zinaisha zaidi ya hapo, mama, usimlaumu kijana peke yake, angalia kuna nani anapiga pasi ama kuchemsha maji ya kuoga na koili usiku.

Kitu ningekuomba umnunulie kabla ya kadi ni kitu ya kukinga mashine na mshtuko wa stima. Huko kwenu mvua ya alasiri inakuja na radi karibu kila siku ya msimu, na stima ikipotea inarudi kwa kishindo. Mwambie mawingu yakijikusanya atoe plagi kwa ukuta, kuzima swichi haitoshi, na kama kuna waya ya intaneti inaingia kwa kompyuta aitoe pia, radi hupitia hapo na watu wengi hawajui. Akikaa mwezi mmoja akitoa plagi bila kukumbushwa, mimi naona hata hiyo kadi amestahili.

Fundi mimi niko Free Area, Nakuru. Ryzen 5 2600, bodi ya B450, ramu 16GB ya 3200, kadi ni RX 570. Nimeovaklok prosesa hadi 4.2GHz, inawaka poa lakini nikiingia gemu dakika 20 inazima tu giza. Nikiirudisha kawaida haizimi ila feni zinalia kama matatu ikipanda Timboroa. Ninunue pawa saplai kubwa? – Dereva wa Ryzen

Usinunue kitu bado. Angalau wewe chuma chako kinakubali, Ryzen yako iko wazi na B450 inaruhusu, ungekuwa na bodi ya A320 ndiyo ningekwambia ulale. Lakini 2600 kiwandani mwisho wake ni 3.9, na umeipeleka 4.2 koo zote, naamini ukiwa na ile feni fupi iliyokuja kwa boksi. Hiyo feni haijatengenezewa hiyo safari.

Na kama feni zinalia hata ukirudisha kawaida, hilo ni vumbi. Vumbi la Nakuru la Januari na Februari nalijua, jeupe, laini kama unga, linakaa katikati ya mapezi ya hiti-sinki likishikana linakuwa blanketi. Juu juu utaona pako safi, toa feni ndio uone. Watu wengi hupeleka kwa yule wa kujaza upepo matairi na inasaidia, lakini mwambie kwanza aachilie upepo chini sekunde kadhaa maana ile tangi hukaa na maji, na shika mapanga ya feni na kidole yasizunguke, upepo ule unaweza kuyapeleka kasi hadi feni iharibike. Alafu paka pesti mpya. Tena toa mashine kwa kapeti, na ule upande wenye matundu usiugeuzie ukuta.

Ukimaliza hapo jaribu 3.9 ama 4.0 na volti kama 1.3, cheza huku unaangalia joto. Prosesa hiyo mwisho wake ni digrii 95, mimi sipendi ikipita 80 kwa gemu. Ikizima hata ikiwa baridi, hapo sasa tuongee mambo ya pawa saplai.

Kuna kitu kingine nashuku. Fungua Task Manager, sehemu ya memori, uone ramu yako inakimbia ngapi. Wengi wananunua ya 3200 na inakaa kwa 2133 ama 2400 miaka yote kwa sababu hakuna mtu aliyeingia bayosi kuwasha XMP (ile swichi ya kuifanya ramu ikimbie mwendo ulioandikwa), na Ryzen ndani yake inapiga mbio kwa kufuata ramu, kwa hivyo hapo ndipo kuna fremu umezilipia na hujawahi kuziona, kuliko hizo MHz 300 za kukuzimia mashine. Washa XMP, 3200 ikikataa weka 2933, hiyo prosesa imeruhusiwa kabisa.

Ikigoma kuwaka kabisa baada ya hapo usishtuke ukaita bodaboda upeleke mjini. Toa plagi, toa ile betri ya duara kwa bodi, CR2032, nenda ukaweke chai, ukirudi iweke tena. Bayosi itakuwa imesahau yote uliyoifanyia.