Shangazi, Dar naitwa Mangi, Marangu naitwa Mswahili

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 33, nimezaliwa na kukulia Temeke. Baba ni Mchagga wa Marangu, mama Mzigua. Baba alipostaafu walirudi Marangu. Mimi ndiye kitindamimba, na baba anasema kihamba, lile shamba letu la ukoo, ni changu, nijenge huko na kila Desemba nipeleke watoto. Kichagga sikijui. Krismasi ya 2019 baba mdogo aliniagiza kitu bandani, nikarudi na jembe, kumbe kasema panga. Wote wakaangua kicheko. Baba naye akacheka: "Huyu Mswahili wa Temeke." Tangu hapo sijakanyaga. Mke wangu, Mdigo wa Tanga, hataki kusikia habari za kujenga mlimani. Baba kanuna, simu hapokei. Nikikatae hicho kihamba yaishe?

Marahaba, mwanangu.

Barua yako imejaa kihamba, na kicheko cha baba umekipa mstari mmoja tu. Mimi nimekwama hapo. Angecheka baba mdogo peke yake, ungekuwa umeshasahau.

Kichagga hukukitupa wewe. Nyumba ya Mchagga na Mzigua, pale Temeke, wangeongea nini kama si Kiswahili? Wazazi wako walichagua, na sidhani walikosea. Ila mzee hawezi kukulea kwa Kiswahili kisha akucheke mbele za watu kwa kutojua panga. Mwambie hivyo. Kwa adabu, mkiwa wawili, lakini mwambie. Na hao binamu wasijione sana: Mmarangu akikutana na Mmachame, kila mmoja na Kichagga chake, wakishindwana wanahamia Kiswahili hichohicho.

Kihamba usikikatae kwa hasira. Si kiwanja cha Kigamboni hicho, uuze utafute kingine. Humo wamelala babu zako, na baba anajua naye atalazwa humo. Mzee wa namna hiyo akisema "jenga", nasikia anauliza nani atabaki na kaburi lake. Kulijibu hilo hakukudai uhame Temeke. Wangapi wako Dar na vihamba vyao vinatunzwa na ndugu au kijana wa kulipwa, migomba inapaliwa, kahawa inachumwa? Mwambie utakitunza. Ya kujenga yasubiri.

Halafu Desemba usiende! Nauli juu, nyumba imejaa, kila binamu kaja na gari la kuonyesha, na kata ya mbege ikizunguka mara ya tatu kila mtu anakuwa mchekeshaji. Ndiyo maana ulichekwa vile. Nenda likizo ya Juni, kukiwa kimya. Simu hapokei, basi pitia kwa mama: mwambie unakuja na wajukuu, uone kama mzee hatafagia ua mwenyewe. Asubuhi mfuate mgombani, mpalie pamoja. Hapo ndipo umwambie la kicheko, na hapo hapo umuulize panga linaitwaje.

Mkeo hana kosa. Kasikia "kujenga" akaona anahamishwa. Mwambie ni siku tano tu, na abebe sweta. Marangu ya Juni si Tanga.