Chombo changu cha anga kinaonekana kama kichezeo. Je, ninunue siri za mabingwa?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Niko Katuba, Lubumbashi, na ninachora kwa tableti vyombo vya anga na miji ya wakati ujao. Nasikia michoro ya hadithi za kisayansi hupata nguvu kutoka kwa wachoraji wa kale wa Ulaya. Nimenunua brashi za "mabingwa wa kale" na kila picha naifunika kwa tabaka la kahawia, lakini chombo changu bado kinaonekana kama kichezeo. Je, nijiandikishe kwenye kozi inayouza siri zao?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usijiandikishe. Na tabaka hilo la kahawia lifute leo.

Karibu kila kijana anayeniletea kazi ameipaka rangi hiyo, na inaniuma, kwa sababu wachoraji wale hawakuikusudia. Ni varnishi iliyozeeka pamoja na masizi ya miaka mingi. Mchoro mkubwa wa Rembrandt, mchoraji Mholanzi, wa mwaka 1642 ulikuja kuitwa "Lindo la Usiku" kwa sababu varnishi ilikuwa imeutia giza. Uliposafishwa miaka ya 1940, watu waliona kwamba ni mchana. Mnaiga uchafu, na kuna watu wanawauzia uchafu huo kwa dola. Kuhusu brashi, kumbuka Bela, mmoja wa wachoraji waliolelewa kisanaa na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés katika mji wetu huu kuanzia 1946: alipaka rangi kwa ncha za vidole.

Chombo chako ni kichezeo kwa sababu hakina hewa wala kipimo. Nyuma na mbele umeweka weusi uleule na ukali uleule. Asubuhi ya kiangazi, vumbi na moshi vikitanda, itazame kutoka mbali terili ya Gécamines, kile kilima cha mabaki ya kuyeyushia madini. Yale mawe yake meusi yanakuwa ya kijivu, karibu buluu, na mikunjo yake inapotea. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia, aliyaandika hayo zaidi ya miaka 500 iliyopita. Halafu, ili kupata kipimo, weka mtu. John Martin, Mwingereza wa karne ya 19, alichora majumba na majabali ya kutisha, na chini yake vijitu vidogo kama chembe. Jicho huanza na kijitu, kisha linapanda. Miji mingi ya wakati ujao unayoipenda imejengwa kwa hesabu hiyohiyo.

Lakini hapa ndipo wauza siri wanapowapoteza kabisa: wanafundisha ukungu wa mbali kama kitoweo cha kumwagia kila picha. Mwezini hakuna hewa. Mlima wa mbali unaonekana mkali sawa na jiwe lililo miguuni, na kivuli kina ukingo kama umekatwa kwa wembe. Ukipaka ukungu hapo, umechora Ulaya, hukuchora Mwezi. Sayari ya Mirihi ina vumbi, kwa hiyo mbali panaelekea rangi ya udongo, na jua likizama, anga iliyo karibu nalo huwa ya buluu.

Hata mkubwa wa fani hii ya kuchora anga za mbali alinaswa. Chesley Bonestell, Mmarekani aliyesomea usanifu wa majengo na kuchora mandhari za filamu, mwaka 1944 alichapisha katika gazeti la Life picha ya sayari ya Zohali ikionekana kutoka Titan, mmoja wa miezi yake. Alikuwa mtu wa kupiga hesabu: ukubwa wa sayari angani, upande wa mwanga. Hata hivyo anga ya Titan aliiacha safi, ya buluu. Chombo cha Marekani, Voyager 1, kilipopita mwaka 1980 kilikuta ukungu mzito wa rangi ya chungwa. Milima yake ya Mwezi ilichongoka kama Alpi, na picha za safari za Apollo, zilizofikisha watu Mwezini, zikaonyesha vilima vya mviringo. Yeye alikosea kwa kukosa habari ambazo hazikuwapo bado. Ninyi habari hizo mnazo kwenye simu.

Ndiyo maana nawaonya nyote, na mashine za kutengeneza picha nazitia humohumo: zinachanganya sura ya kale bila kujua kama pale pana hewa. Anayekuuzia kozi, mwombe kwanza akueleze kwa nini kivuli cha Mwezini ni cheusi kuliko cha Lubumbashi. Akikwepa, usimpe hata faranga. Chukua chombo chako, kichore kwa penseli tu mara ya kwanza kwenye vumbi la Mirihi, mara ya pili Mwezini, mtu akiwa amesimama chini yake, kisha niletee zote mbili.