Maabara ya nje: muuzaji au mkandarasi msaidizi?

SWALI: Utafiti wetu chuoni unafadhiliwa na serikali ya Marekani. Maabara ya nje itapima sampuli za damu. Kwenye bajeti tuiweke kundi gani?

JIBU: Msitazame jina la mkataba, tazameni kazi yenyewe; kanuni ya serikali ya Marekani kuhusu fedha za ruzuku, 2 CFR 200.331, inasisitiza hivyo. Ikiwa maabara inapima kwa bei yake ya kawaida, kama inavyowafanyia wateja wengine, na kuwarudishia majibu tu, ni muuzaji. Fuateni taratibu za ununuzi. Lakini mtaalamu wake akibuni vipimo, akichambua data na kuamua mwelekeo wa utafiti, maabara hiyo ni mkandarasi msaidizi, yaani mshirika anayetekeleza sehemu ya utafiti, hata kama ankara zake zinafanana na za duka. Hapo daini mapema maelezo ya kazi, bajeti na barua ya idhini ya taasisi yake.

Wengi huumia kwenye gharama zisizo za moja kwa moja, yaani asilimia ambayo chuo hutoza juu ya matumizi ya utafiti kwa ajili ya uendeshaji, kama umeme na utawala. Kwa hesabu iliyozoeleka, malipo ya muuzaji wa huduma hutozwa asilimia hiyo yote. Ya mkandarasi msaidizi hutozwa kwenye dola 50,000 za kwanza tu. Kabla ya Oktoba 2024 zilikuwa 25,000, hivyo kagueni makubaliano ya chuo chenu na serikali kuhusu viwango vya gharama hizo.