Bibi Mswada anajibu: Jina langu halimo tena

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Singida, nina miaka 31. Nimepeleka mswada wangu wa riwaya kwenye mashindano mara tatu, na mara zote tatu sikuitwa. Orodha ikitoka naipekua kwenye simu kama mtoto anayetafuta namba yake kwenye matokeo ya kidato cha nne. Mke wangu anasema hela ya rimu na ya kuprinti ingeshanunua doti nyingi tu za kanga. Mswada una kurasa 412. Je, wale majaji wanasoma kweli? Na je, niache? Mwalimu, Singida.*

Marahaba, Mwalimu. Kanga mnunulie, hilo lisingoje ushindi.

Kuhusu kusoma, nimekaa pande zote mbili za meza, basi nisikilize. Nilipokuwa na umri wako nilipeleka mswada kwenye shindano moja ambalo sitalitaja. Niliupiga kwa taipureta ya kuazima, usiku, jirani akigonga ukuta kwa ajili ya kelele. Nikaupeleka mwenyewe kwa basi, nimeupakata njia nzima. Baada ya miezi saba ukarudi bila hata kijibarua. Nikaukagua kama mtu anavyokagua nguo iliyotoka kwa dobi. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimelegea, pembe zimejikunja, na ukurasa wa 19 una duara la kitako cha kikombe cha chai. Kuanzia ukurasa wa 34 karatasi zilikuwa vilevile nilivyozifunga, hata mbili zilizokuwa zimegandana bado zimegandana. Mtu alisoma kurasa 33, akanywa chai yake, akaenda zake.

Nililia, nikatukana, nikautupa juu ya kabati. Mwaka uliofuata nikaushusha na kuusoma kwa macho ya yule mnywa chai. Kurasa zote 33 mhusika wangu yumo ndani ya treni kutoka Tabora, anatazama dirishani, anakumbuka. Hagombani na mtu. Hata tiketi hakaguliwi! Mimi niliyemzaa nilisinzia. Sisemi yule bwana alifanya sawa, maana aliyepewa kazi ya kusoma amalize. Lakini tangu siku ile sijamruhusu mhusika wangu yeyote kupanda treni kabla ya ukurasa wa 100.

Baadaye nikawa mhariri, na mara mbili nikaombwa kusoma mchujo, yaani ngazi ya chini kabisa, kabla miswada haijafika kwa majaji wenye majina. Niliyoletewa ilikuwa kwenye boksi, haina majina, ina namba tu. Zamu yangu ya kwanza nilipewa miswada 26 na wiki tatu. Nilisomea barazani kwangu Tanga, miguu ndani ya beseni la maji kwa joto la Februari. Jua lilichomoza katika mingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Jogoo wakawika. Watu wakapiga miayo, wakajinyoosha, wakapiga mswaki. Kisha nikafungua mmoja unaoanza na mwanamke amesimama mlangoni kwa jirani, anarudisha sufuria aliyoazima, na sufuria imetoboka. Hajui aanzie wapi. Jirani anatoka akiwa anacheka, hajaiona bado. Nilisahau miguu majini mpaka vidole vikajikunja kama zabibu kavu.

Mswada ule haukufika mbali. Mwenzangu aliupa alama ndogo kwa sababu mazungumzo yake yalikuwa ya kipwani sana kwa sikio lake, na wastani ukauangusha. Mpaka leo namtafuta mwenye sufuria ile. Sina jina lake, nina namba tu kichwani.

Kwa hiyo, Mwalimu, ukiona jina lako halimo, ujue pengine ni watu wawili au watatu waliokaa na boksi wiki tatu. Kujuana? Mimi sikukuona, ila sitakuapia kwamba hakupo.

Najua kwa nini inauma. Kwa wenzetu wenye wanunuzi wengi wa riwaya, tuzo hukikuta kitabu kiko dukani tayari, ikakiongezea wasomaji. Huku wengi wetu tunaingia na mswada uliofungwa steshenari, na tunachokiomba ni kuchapwa tu. Wachapishaji wanaishi kwa vitabu vya shule. Riwaya ambayo si kitabu teule wataisifia, watakupa soda, na watakuaga vizuri. Ndiyo maana Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, iliwasisimua watu. Shilingi milioni 10 za mshindi wa kwanza si haba, lakini kilichonisimamisha mimi kwenye kiti ni kwamba kitabu kinachapwa na kupelekwa shuleni. Ile ya Mabati-Cornell nayo, tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi, ilikuja na dola 15,000 za kugawana washindi na ikakubali miswada ambayo haijachapwa. Mwaka 2015 Anna Samwel Manyanza aliishinda kwa riwaya yake *Penzi la Damu*.

Na jambo hili si la jana. Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwayani, na kiko chake walitufikia kwa njia ya shindano. Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya hadithi ya mwaka 1957/58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, na *Mzimu wa Watu wa Kale* ikatoka 1960. Ila tazama kinachofuata: *Kisima cha Giningi* ilitoka 1968. Miaka minane katikati, na shindano halikuwa likimshika mkono aandike. Huo ndio upande wa tuzo ambao haumo kwenye picha za kukabidhiwa hundi.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe hakuwa na bahati hata hiyo. Hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, hakuna aliyeichapa, akazeeka nayo. Mwishowe aliigeuza Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe na Tanzania Publishing House wakaitoa 1980. Watu hupenda kunitajia mzee huyu kama mfano wa subira. Mimi naona ni aibu yetu, na sitakwambia usubiri miaka 35.

Uache? Acha kupeleka mswada huohuo mara ya nne, hilo naomba. Kurasa 412! Masharti ya idadi ya maneno uliyasoma? Pekua mpaka ufike mahali ambapo mtu anamwomba mwenzake kitu na kunyimwa. Anzia hapo. Vilivyotangulia viweke kwenye bahasha, uandike juu yake "vya mwandishi". Na jambo moja limenikaa kooni tangu nilipofungua barua yako: umeniambia mkeo anahesabu rimu. Hukuniambia kama ameisoma riwaya yenyewe.

*Bibi, shikamoo. Niko chuo hapa Mombasa, naandika Kiswahili. Wenzangu wananicheka, wanasema tuzo kubwa ziko kwa Kiingereza, wananitajia Gurnah. Nibadilishe? Msomaji, Mombasa.*

Marahaba, mjukuu. Waulize wenzako kama wamehesabu miaka. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana baada ya Mapinduzi, na riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987. Riwaya yake *Paradise* iliingia orodha fupi ya Booker, tuzo ya riwaya ya Uingereza, mwaka 1994, haikushinda. Nobeli ilikuja 2021, akiwa na miaka 72. Kama unaweza kuandika miaka 34 kwa lugha uliyoichagua kwa ajili ya zawadi, nenda. Mimi ningechoka wiki ya pili.

Yeye Kiingereza kilikuwa lugha ya maisha aliyokuwa akiishi, simlaumu. Lakini ilipotoka *Peponi*, yaani hiyo *Paradise* kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapwa na Mkuki na Nyota, nilikaa nayo siku mbili, na kila mtu akifungua mdomo kitabuni nilikuwa nikisema, enhe, hivyo ndivyo alivyosema. Niliwahi kuisoma kwa Kiingereza na sikuwahi kuwasikia hivyo.

Jipime hivi: wahusika wako wakigombana, ndani ya kichwa chako wanagombana kwa lugha gani? Kama mama mkwe anatukana kwa Kimvita, utampelekaje London? Na kwenu Kenya Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi ina fungu la Kiswahili, ingawa hiyo ni ya vitabu vilivyokwisha chapwa.

*Bi Mkubwa, kuna mtu kanipigia akasema mswada wangu "umeingia fainali" na nitume shilingi 350,000 za usajili. Sikumbuki kama niliomba. Nifanyeje? Msomaji, Morogoro.*

Fainali ya nini, mwanangu, na mswada aliupata wapi? Usitume. Mwombe akutajie sentensi ya kwanza ya riwaya yako, utasikia simu inakatika. Hata anayekutafuta kwa jambo la kweli, soma kwanza karatasi inasema haki za kitabu zinabaki kwa nani, ndipo utie sahihi.

Laki tatu na nusu! Muulize mke wa Mwalimu wa Singida hizo ni rimu ngapi.